Asisemeshwe Mpaka Taa Ziwake

Ndugu zangu mlio na watoto, na nyinyi mnaolea watoto wa wenzenu, sogeeni niwaambie yaliyotokea nyumbani kwa mdogo wangu. Mwenyewe ameniruhusu kuyasema. Na hata asingeniruhusu ningeyasema, maana mimi ni dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni, na ulimi wangu haujawahi kuomba ruhusa kwake.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua imetoka kukatika, madirisha yako wazi na upepo mzuri unaingia. Mdogo wangu, mkewe na binti yao wamejibana kwenye kochi moja wanatazama filamu ya katuni, bakuli la bisi liko katikati yao. Mimi ninaishi ghorofa ya juu yao, na siku hiyo nilikuwa nimeshuka kupiga pasi nguo zangu kwa sababu pasi yangu iliungua. Binti yao alikuwa na miaka saba. Tulimwita Chiriku kwa vile hakujua kunyamaza toka anapoamka hadi anapolala. Basi katika ile filamu kulikuwa na mbuzi aliyetaka kuwa tarishi, akaanguka na mfuko wake wa barua, na Chiriku akacheka mpaka akateleza kwenye kochi na bisi zote zikammwagikia. Mama yake akacheka. Mimi nikacheka, nusura niunguze kola. Baba yake peke yake hakucheka. Alikuwa ameipa filamu kisogo, anamtazama mtoto.

"Umecheka kwa sababu mbuzi ameanguka," akamuuliza, "au kwa sababu ya ile sauti aliyoitoa?"

"Vyote!" akasema Chiriku kutoka sakafuni, bisi zimemjaa nyweleni.

"Hapana, chagua kimoja."

Hapo ndipo utulivu wa nyumba ile ulipoanza kuvuja, ingawa sisi hatukuona tone.

Niwaeleze kazi yake. Mdogo wangu ni mtabiri katika kampuni ya filamu. Hapigi ramli. Kazi yake ni kukadiria filamu itaingiza kiasi gani kwenye madirisha ya tiketi kabla haijatoka, ili wakubwa waamue ipewe kumbi ngapi na mabango mangapi. Ofisini wanamwita Mnajimu. Yeye amepewa filamu za familia, na hizo ndizo ngumu kuliko zote, kwani anayezitaka hana pesa, na mwenye pesa hazitaki. Mtoto akiikataa, hakuna anayekuja. Mtoto akiing'ang'ania, anakuja na baba, mama na bibi juu. Zamani mdogo wangu alitumia njia za kawaida: likizo za shule zinaanza lini, ni msimu wa mvua au wa jua, kampuni nyingine inatoa nini wiki hiyo. Mara alipatia, mara alikosea, na usiku alilala usingizi wake.

Ile filamu ya mbuzi, ofisi nzima ilisema itaanguka. Yeye akasema itajaza kumbi, kwa kuwa alimwona binti yake akianguka kwenye kochi. Ikajaza. Foleni zikazunguka majengo, wakaongeza maonyesho ya asubuhi, na mkurugenzi wake akamsifu mbele ya watu wote. Mgema akisifiwa, jamani, mnajua anavyolifanya tembo.

Toka siku hiyo kochi likawa ofisi. Kila filamu iliyokuwa inaandaliwa aliileta nyumbani, ikiwa bado haina hata muziki, akamweka Chiriku mbele yake. Ikikatwa na kuunganishwa upya, mtoto anaitazama tena. Na ilipofika Ijumaa ya filamu kutoka, mdogo wangu hakuwa mtu wa kukaa na watu. Anasimama jikoni, anasimama mlangoni, anafungua simu kuona tiketi zimeuzwaje, anaifunga, anaifungua. Akijilazimisha kukaa, goti lake linacheza chini ya meza mpaka vikombe vinagongana.

"Baba Chiriku, hebu kaa," wifi yangu alikuwa akimwambia. "Unatutia kizunguzungu."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Hata kivuli chako kimechoka."

Sasa mtoto naye ana macho. Chiriku aliona kwamba akicheka, baba anatulia, na akipiga miayo, baba anaanza kutembea huku na huku. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akawa anacheka. Alicheka palipochekesha na pasipochekesha. Ikaja filamu moja ya familia ya miavuli, kitu kikavu kama ugali wa juzi, Chiriku akacheka mwanzo hadi mwisho. Baba yake akatabiri makubwa. Filamu ikatoka katikati ya likizo, na kumbi zikabaki na viti na wafagiaji.

Mkurugenzi akamwita. Ni mwanamke wa sauti ndogo, lakini maneno yake hayahitaji kipaza sauti. "Mnajimu," akamwambia, "likizo ijayo tuna filamu tatu za familia, na nguvu tuliyonayo inatosha kusukuma moja tu. Nataka uniambie ni ipi. Ukikosea tena, wa kutabiriwa utakuwa wewe."

Alirudi nyumbani rangi imemtoka. Akapiga magoti mbele ya Chiriku, mimi nikiwa palepale nawarudishia pasi.

"Mwanangu, ile filamu ya miavuli, ulicheka kweli au ulicheka kunifurahisha?"

Chiriku akatazama vidole vyake vya miguu. "Nikicheka, unakaa," akasema.

Wazazi wenzangu, lisikieni hilo neno. Mtoto wa miaka saba alikuwa ameacha kucheka kwake na kuanza kumbembeleza baba mtu mzima akae kitako. Mimi moyo ulinipasuka. Mdogo wangu yeye alisikia jambo moja tu, kwamba kipimo chake kimeharibika na inabidi kitengenezwe.

Dawa aliyoipata ni hii. Kule kwenye kampuni kuna chumba kidogo cha kuonyeshea filamu, na nyuma yake kuna chumba cha mitambo chenye kioo. Akaamua Chiriku atazamie kule, peke yake, na yeye akae nyuma ya kioo asionekane. Akaweka na sheria: mtoto asisemeshwe, wala mtoto asiseme neno na mtu yeyote, mpaka filamu iishe na taa ziwake. Eti maneno yanachafua matokeo.

Nilimvaa. "Huko ofisini mnaleta watoto wa watu kila siku kuwapima. Kwa nini na huyu?"

"Dada, wale siwajui. Huyu nimemzaa mwenyewe, namsoma hata akipepesa jicho."

"Msome basi kama mtoto, usimsome kama gazeti."

Alikuwa ameshaanza kutembea.

Filamu mbili za kwanza zilipita bila tatizo. Ya tatu iliangukia Jumamosi ambayo wifi yangu alikuwa kazini tangu alfajiri. Asubuhi Chiriku aliacha chai yake nusu kikombe.

"Baba, tumbo linauma."

"Ni njaa hiyo. Kula mkate twende, tutachelewa."

Mkate haukulika, na wakaenda.

Haya yanayofuata amenisimulia mwenyewe, mara nyingi kuliko nilivyotaka kuyasikia. Filamu ilikuwa ya bibi mmoja anayeshindana na wajukuu zake kuendesha baiskeli. Mwanzoni Chiriku alikaa vizuri. Walipofika sehemu ya ziwa, ambapo bibi anakaa na kukumbuka ujana wake, mtoto akaanza kuhangaika. Akageukia kushoto, akageukia kulia, akakunja magoti kifuani. Mdogo wangu nyuma ya kioo akaandika: ziwa ni refu, lipunguzwe. Akashukuru hata, maana alijua sasa mtoto hamdanganyi.

Kisha ikaja sehemu ya mteremko. Breki za bibi zinakatika, baiskeli inashuka, kuku wanaruka pande zote. Chiriku akainama. Akashika tumbo kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka, na mwanga wa filamu ukaonyesha machozi mashavuni mwake. Kioo kile hakipitishi sauti. Mdogo wangu akaruka juu, akampigia mkurugenzi simu palepale.

"Ni hii! Mtoto amejikunja kwa kucheka, machozi yanamtoka! Chapisheni mabango, bosi, likizo ni yetu!"

Alipokata simu, akavuta kiti. Baada ya miezi mingi ya kuzunguka kama nzi wa chupani, alikaa, goti limetulia, akamtazama binti yake kwa furaha mpaka filamu ilipoisha.

Taa zikawaka. Akaingia mbio. "Chiriku! Pale kwenye mteremko, kilichokuchekesha ni bibi au ni wale kuku?"

Mtoto hakunyanyua kichwa. Jasho limemlowesha shingo, midomo imekauka.

"Baba, taa zimewaka?"

"Zimewaka, ndiyo."

"Sasa naweza kusema?"

"Sema mwanangu, sema!"

"Tumbo linaniuma sana. Lilianza zamani."

Akamnyanyua na kukimbia naye. Hospitali daktari alimbonyeza mtoto tumboni mara moja tu, na uso wake ukabadilika. Akamgeukia baba.

"Maumivu yalianza lini?"

Na mdogo wangu alijua. Hiyo ndiyo aibu yake mpaka leo, kwamba alijua kila kitu.

"Yalianza kwenye ziwa," akasema.

"Ziwa gani?"

"La kwenye filamu. Yakazidi kwenye mteremko."

Daktari akamtazama kama mtu anayetafuta harufu ya pombe. "Na wewe, mzee, wakati huo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namwangalia. Muda wote. Sikumwondolea macho hata kidogo."

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, sumu imeanza kusambaa tumboni. Wakampeleka moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji.

Nilipofika nilimkuta mdogo wangu kwenye benchi la korido, ametulia tuli. Mimi ndiye niliyetembea, ukuta hadi ukuta, nikimwomba Mungu na kumtukana yeye kwa pumzi moja. Wifi yangu akaja anakimbia, viatu mkononi. Nilidhani atapiga kelele. Alisimama mbele ya mumewe akamuuliza polepole:

"Ina maana hakukwambia?"

"Nilimkataza kusema."

Wifi akakaa chini, pale pale sakafuni. Simu ya mdogo wangu ikalia. Alikuwa mkurugenzi, anasema mabango yanaanza kuchapwa jioni hiyo.

"Bosi, futa," akasema. "Utabiri wangu ufute. Hakuwa anacheka."

"Nani hakuwa anacheka? Unasema nini wewe?"

"Mwanangu. Mwanangu hakuwa anacheka." Na hapo ndipo alipolia, mtu mzima, mbele ya wauguzi, na mimi na hasira zangu zote nikajikuta nimemshika kichwa kama zamani.

Mungu ni mwema. Chiriku alipona. Alilala hospitali muda mrefu na akatoka na kovu, lakini alitoka na miguu yake. Ile filamu ilitoka bila neno la Mnajimu, ikapata ya kupata, haikuanguka wala haikuvuma. Niliitazama. Ule mteremko unachekesha kweli, ukumbi mzima ulicheka, nami nikatoka nje kwa sababu sikuweza kukaa. Mdogo wangu alibaki kazini lakini amerudia kalenda zake za likizo na mvua. Anakosea mara nyingi tu, na mkurugenzi anamsema, na anavumilia.

Kilichotuumiza zaidi ya kovu ni hiki. Kwa muda mrefu Chiriku hakuweza kucheka hivihivi. Ukimfanyia mzaha, kwanza anageuka kutafuta nani anamtazama, ndipo anacheka, na kicheko kinakuwa kimeshapoa. Jina tulilompa likatutia haya.

Jumamosi iliyopita nilishuka kwao na nguo zangu, maana pasi sijanunua bado. Wapo watatu kwenye kochi, bisi katikati. Filamu ilikuwa inachosha, nisiwafiche. Mdogo wangu aliitazama filamu. Nilimwona shingo yake inavyotaka kugeuka, na hakuigeuza. Chiriku akamchunguza kwa pembeni, muda mrefu. Kisha akapiga miayo, mirefu, ya makusudi, mdomo wazi mpaka kilimi kinaonekana, akasubiri.

Baba yake hakuinuka.

Akapiga mwingine. Baba yake akasogeza bakuli la bisi ili mtoto apate pa kuegemea. Basi Chiriku akajilaza kwenye mkono wake, na filamu haijafika hata katikati alikuwa amelala, anakoroma, hana habari na mtu. Nikazima pasi nisimwamshe.

FUNZO

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nami nilikuwa nikiamini kwamba kujua huko huja pamoja na mtoto siku anapozaliwa. Sivyo. Mzazi anaweza kumkodolea mwanawe macho kutwa nzima na asijue kama anacheka au anakufa, ikiwa anachotafuta usoni mwake ni faida yake mwenyewe. Mdogo wangu alitafuta tiketi. Mwingine anatafuta sifa za shuleni, mwingine anatafuta picha ya kuwaonyesha majirani. Mtoto huona upesi tunachokitaka, akatupatia hichohicho, na maumivu yake akayaweka kando yasitusumbue.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani leo, muulize mwanao hali yake, kisha nyamaza wewe, aseme yeye, wala usimngojeshe mpaka taa ziwake.