Kifurushi Kilichokataa Kuvuka

Kifurushi kilikuwa kimerudi tena, na hakuna aliyekigusa.

Katika ofisi yao ya programu pale Yogyakarta, kila kifurushi cha programu mpya kilianzia kwenye seva ya uundaji, kompyuta kuu ya watengenezaji, na kisipokutwa na kasoro kilivushwa kwenda seva ya majaribio, kisha kwa wateja. Hiki cha mtengenezaji Wulandari, cha kuendesha pampu za dawa mahospitalini, kiligoma. Kila alipokivusha, kilirudi.

“Seno, umekirudisha wewe?”

“Mimi?” alijibu mjaribuji wake. “Dada Wulan, nakisubiri huku mpaka naota mvi!”

Wulandari akakagua upya, akakivusha. Kikarudi. Akapiga meza kwa kiganja, machozi ya hasira yakimlenga. Hapo, mchana kweupe, harufu ya udongo wa kaburi ikatanda, na ndani ya kabati la seva kukasikika kucha zikikwaruza, polepole, kisha kwa haraka, kama mtu aliyeegemea mlango kwa mgongo na kuukaza kwa mikono na miguu huku upande wa pili kuna kitu kinausukuma.

“Unasikia?” Seno alinong’ona. “Tuondoke, dada.”

“Niondoke niwaambie nini wakubwa? Kwamba jini limekataa? Nimechoka! Kaniitie Kiai Mukhlis.”

Kiai, shehe wa mtaa, alikuja na kanzu yake na chupa ya maji. Akasoma dua, akaanza kunyunyiza.

“Pak Kiai, taratibu, huo ni umeme!” Seno alilalama.

Kabati likatikisika. Kitu kikalia humo kwa uchungu, kama mzee anayeburutwa nje ya nyumba yake, kisha kimya. Harufu ikakatika. Kiai akapangusa jasho, akaaga.

Wulandari akabonyeza. Kifurushi kikavuka, kikatulia. Akacheka kwa sauti.

“Kifungue basi, mzee wa mvi!”

Seno akakifungua. Mabega yake yakanyooka ghafla.

“Seno?”

Akageuka taratibu, akitabasamu kwa adabu. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke, nyororo, isiyo na haraka.

“Ahsante, mwanangu. Yule mzee wa kabatini alinizuia mlangoni muda mrefu mno. Sikujua kama mtamfukuza wenyewe.”

Kidole cha Seno kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kupeleka kwa wateja.