Maziwa ya Justus

Walikuwa wameshakiacha kijiji cha Ntalikwa nyuma, Apolinaria na binti yake Eustadia, wakifuata njia ya zamani ya misafara kwenda Tabora mjini kutafuta lori la Nzega. Walikuwa wanarudi Lusu, upande wa Nzega, kwa wazazi wa Apolinaria. Mdogo wake Eustadia, Justus, wa miezi minne, alikuwa amekufa kwa homa siku tatu nyuma. Baba yao, Marko, alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, hana habari. Maziwa yalimvuja mama, kanga ikalowa, na kila alipoyakamua mchangani Eustadia aligeuka pembeni.

Walipofika Cheyo, mtaa wa Tabora mjini, waliomba maji nyumba moja. Ndani kichanga alilia kwa sauti iliyokauka. Bi Mwanajuma, mwenye nyumba, alikuwa akimlea mjukuu wake Abbasi, wa siku tisa. Mama yake Abbasi alifia uzazini. Uji mwepesi ulikuwa umemharisha.

"Mwanangu, naona unanyonyesha. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwa bibi," Eustadia aliwahi kujibu. Alikuwa amesikia watu wakisema kwamba maziwa ya mama aliyefiwa yana kifo, akaogopa watafukuzwa.

Mama alimtazama Eustadia, akampokea Abbasi. Mtoto alinyonya mpaka akalala. Mama alilia kimya kimya.

"Sasa nitajie jina la mwanao," alisema Bi Mwanajuma. "Sisi Waislamu, walionyonya ziwa moja ni ndugu. Abbasi lazima amjue nduguye."

"Justus," alijibu Eustadia.

"Basi hawa mapacha, Kulwa na Doto! Mleteni huyo bwana nimwone. Au anaogopa vikongwe?"

"Hawezi kuja, mama," Apolinaria alisema. "Tulimzika Jumatatu."

Bi Mwanajuma alimpokonya mtoto. "Kumbe mlinificha! Mmemnywesha kifo! Tokeni!"

Siku mbili walingoja sokoni lori la Nzega, la mfanyabiashara Premji. Siku ya tatu asubuhi Bi Mwanajuma alikuja mbio na Abbasi mikononi, pamoja na Josepha, mkunga wa zahanati.

"Nisamehe, mwanangu. Abbasi hata kulia hawezi."

Mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya. Apolinaria alikamua maziwa kwenye kikombe, Josepha akamdondoshea kwa kijiko, tone moja moja, hadi adhuhuri. Jioni mtoto akalia.

Josepha alimwita Eustadia. "Homa ndiyo iliyomuua Justus. Maziwa hayana kosa. Lakini ulipoficha, bibi huyu akaamini kuna kitu kibaya cha kufichwa. Ungesema kweli, angegomba, ningeitwa, tungemwelewesha siku ile ile. Uongo wako ulimlaza mtoto na njaa siku mbili. Ukweli mgumu useme mapema, mwanangu."



Apolinaria alikaa Cheyo miezi minane akimnyonyesha Abbasi. Bi Mwanajuma alipofariki, mjomba wa mtoto alimchukua kwenda Kigoma, na Apolinaria hakumwona tena. Alikwenda Lusu. Hakuzaa mtoto mwingine. Marko hakurudi kutoka kwenye mkonge. Josepha alihamishiwa Nzega. Eustadia aliolewa huko huko Lusu, akalima karanga.