Nani Alifungua Nati ya Gekara?

Saa saba na nusu mchana, Gekara na mkewe Bosibori waliporudi kutoka kanisani, walikuta mambo mawili nyumbani kwao Boito. La kwanza lilikuwa ng'ombe wa jirani yao Jonah, amesimama katikati ya kabeji, shingo tupu, anakula kama mtu aliyealikwa. Bosibori alimfukuza kwa mwavuli mpaka ng'ambo ya ua.

La pili lilikuwa chini ya upenu wa jikoni. Pikipiki ya Gekara ilikuwa pale pale walipoiacha, ubavu wa injini ukiwa wazi. Lakini klachi haikuwepo. Palikuwa na shimo tu, na oili ikidondoka polepole kwenye karai.

"Wameiba," Gekara alisema. Akaketi juu ya mtungi wa maziwa na kofia yake ya kanisani bado kichwani.

Kando ya karai, juu ya kisahani cha chai, ilikuwa ile nati.

Nati hiyo ilikuwa imemtesa Gekara tangu Alhamisi. Yeye ndiye aliyebeba maziwa ya watu wa mtelemko wote ule kila asubuhi hadi kituo cha maziwa, na klachi ilipoanza kuteleza mlimani aliapa kuitengeneza mwenyewe nyumbani. Kila kitu kilifunguka isipokuwa nati iliyoshika klachi. Aliimwagia mafuta ya taa. Aliipiga nyundo. Alivisha spana bomba refu akaning'inia, huku Jonah, rafiki yake wa miaka mingi, akikanyaga breki ya nyuma ili injini isizunguke. Majirani walianza kuja jioni na viti vyao kutazama. Jumamosi, bomba lilipoteleza na kumwangusha Gekara kwenye kinyesi cha kuku, aliinuka akamwambia Jonah mbele ya watu wote kwamba nati haina shida, shida ni mguu wa kukanyagia breki, mguu laini kama ugali wa mgonjwa. Watu walicheka sana. Jonah alichukua kiti chake akaenda nyumbani.

Sasa nati ilikuwa imefunguliwa, imepanguswa, na washa yake, kile kipete chembamba cha chuma, iko chini yake.

"Mwizi gani huyu anaosha nati?" Bosibori aliuliza.

Gekara hakumsikia. Alikuwa ameshasimama. "Ni Onchiri. Nani mwingine ataweza kuifungua? Si alisema nitamletea tu hii piki nikichoka?"

Kabla mkewe hajavua viatu vya kanisani, Gekara alikuwa njiani kwenda senta, ambako Onchiri, kijana fundi wa pikipiki, alikuwa na kibanda chake. Bosibori alisikia baadaye yaliyotokea. Gekara alisimama mbele ya waendesha boda wote waliokuwa wakisubiri abiria, akamwita Onchiri mwizi, na akasema tena kwa sauti. Kufikia jioni hakuna boda hata mmoja aliyepeleka pikipiki kwa Onchiri, na wawili walikuwa wameenda kuchukua zao, ingawa hazijamalizwa.

Jambo hilo lilimkosesha Bosibori raha kuliko klachi yenyewe. Alikuwa muuguzi katika zahanati ya shamba la chai, na kazi yake ilikuwa imemfunza kwamba mahali mgonjwa anaposhika siyo lazima pawe ndipo panapouma. Jumatatu hakuwa na zamu. Alichuchumaa kando ya pikipiki na kikombe cha chai akaanza kuitazama bila kugusa.

Kwenye chuma cha kukanyagia breki aliona nyuzi nyembamba za buluu zimenasa. Mtu alikuwa amekifunga kwa kamba, kwa nguvu, kikiwa kimebanwa chini. Kisha Bosibori akamwaga oili ya kwenye karai polepole kupitia kwa kitambaa. Kilibaki kipande kidogo cha chuma, kikubwa kama punje ya mahindi, kimemeguka upande mmoja.

Alikifunga kwenye leso akaenda senta.

Onchiri alikuwa ameketi mlangoni mwa kibanda bila kazi. Alimwamkia vizuri, lakini hakusimama.

"Sikuja kugombana, mwanangu," Bosibori alisema. "Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Stima ilipotea saa mbili ikarudi jioni. Hata ile mashine yangu ya kufungua nati ilikuwa imelala tu. Nilikuwa naziba pancha. Uliza wale."

"Kama ungetaka kufungua nati ya mzee, ungefunga breki na kamba?"

Onchiri alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Mama, kamba ya nini? Ningekuja na mtu anikanyagie. Anayefunga breki na kamba ako peke yake, na hana wa kuita."

Bosibori alifungua leso. Fundi alikichukua kile kipande, akakigeuza juani.

"Hii ni jino la klachi. Alisukuma bisibisi katikati ya meno ndio isizunguke. Nati imetoka, sawa, lakini jino pia limetoka." Akamrudishia. "Klachi bila jino ni takataka. Hakuna mtu atainunua."

Bosibori alitembea kurudi akiwaza. Njiani alikutana na Nicholas, mwenye pikapu, akiteremka na mitungi mitupu ya maziwa ya mtelemko wao nyuma. Asubuhi ile ndiye aliyebebea watu maziwa, na hakuficha furaha yake.

"Mwambie Gekara apumzike," alisema kupitia dirishani. "Nikizoea hii njia hataipata tena."

Bosibori alizunguka nyuma ya pikapu. "Mitungi unafunga na nini?"

"Si na mipira. Kamba hulegea." Ilikuwa kweli. Mitungi yote ilikuwa imekazwa kwa vipande vyeusi vya tyubu.

"Na jana asubuhi?"

"Nilikuwa Londiani kubeba viazi. Nimerudi saa kumi. Kwani unaniuliza kama polisi, Mama Mongina? Ningetaka kuiba, ningeiba piki yote. Nina pikapu."

Bosibori aliona hilo ni neno la maana, akaendelea na njia yake.

Alipofika kwenye ua wa Jonah alisimama. Ng'ombe wa kabeji alikuwa amefungwa kwenye mti, safari hii kwa kamba ya buluu. Chelimo, mke wa Jonah, alikuwa anaanika mahindi.

"Jana kanisani sikumwona mzee," Bosibori alisema baada ya salamu.

"Alisema mgongo unamuuma. Nilimwacha amelala." Chelimo alishusha sauti. "Lakini hata chakula hataki. Tangu jana anatoka, anaingia. Mimi nafikiri ni yale maneno ya mguu."

"Na ng'ombe? Aliniharibia kabeji."

"Pole, mama. Jonah anasema alikata kamba."

Bosibori alimkaribia ng'ombe akaishika kamba, akaipitisha mkononi kutoka shingoni hadi mtini. Haikuwa na fundo la kuungwa popote. Katikati ilikuwa nyeusi kwa oili. Aliiachilia, akamshukuru Chelimo kwa habari, akaenda kupika chai nyingi.

Saa kumi jioni upenu wa jikoni ulikuwa umejaa. Gekara alikuwepo, mkali bado. Nicholas alikuja kwa sababu aliitwa, na Onchiri kwa sababu Bosibori alienda mwenyewe kumchukua. Jonah aliletwa na mkewe. Hakuketi.

"Huyu anafanya nini kwangu?" Gekara aliuliza, akimtazama Onchiri.

"Anakunywa chai," Bosibori alisema. "Baba Mongina, wewe na bomba lako mlishindwa hapa siku tatu, mkiwa wawili. Aliyekuja jana alikuwa mmoja." Akawaonyesha nyuzi kwenye breki. "Alifunga breki kwa kamba. Onchiri alikuwa senta mbele ya watu wakati huo, na Nicholas alikuwa Londiani. Kisha huyu mwizi wetu akavunja klachi." Aliweka jino juu ya kisahani, kando ya nati. "Sasa niambieni. Mtu anavunja kitu, kisha anakiiba. Atakifanyia nini?"

Nicholas alishusha kikombe chake.

"Hataki kukiuza. Anataka kisionekane. Anaogopa mwenye kitu ataona kimevunjika. Na kwa nini amwogope mwenye kitu, kama ni mgeni?" Bosibori aligeuka, na sauti yake ikawa ile aliyotumia zahanati mtu anapoogopa sindano. "Jonah, ng'ombe akikata kamba, kipande hubaki shingoni. Jana nilimfukuza mimi. Shingo ilikuwa tupu. Na kamba yenyewe nimeishika leo. Ni nzima, na ina oili."

Jonah alitazama mlima, akamtazama mkewe, kisha akaketi kwenye kiti alichokuwa akikikataa.

"Mguu wangu si laini," alisema.

Akamgeukia Gekara.

"Ulinisema mbele ya watu. Mbele ya mama ya watoto wangu. Nikasema nitaifungua, ukirudi kanisani uikute kwa sahani, halafu nione utasema nini. Kamba sikuwa nayo, nikatoa ya ng'ombe. Ikateleza kidogo, nikaweka bisibisi. Nati ikafunguka, Gekara. Ilifunguka kama kifuniko cha chupa. Nikacheka peke yangu hapa. Ndio nikaona jino." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nikasema nitaichukua, leo niende Kericho nitafute ingine, niirudishe kimya kimya. Lakini ulikuwa umeshaita huyu kijana mwizi. Kila saa ikipita ilikuwa ngumu zaidi kusema. Iko kwa ghala, chini ya gunia."

Chelimo alitikisa kichwa taratibu. Nicholas aligeukia ukuta, mabega yakicheza kwa kicheko alichojaribu kukizuia, na kilipomshinda kikamwambukiza Bosibori, kisha Chelimo, mwisho hata Jonah mwenyewe.

Gekara peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Onchiri, aliyekuwa anakunywa chai bila kuinua macho.

"Jonah, mguu wako hauna kitu," alisema hatimaye. "Nilianguka nikaona haya, nikakutupia wewe. Na huyu pia nimemtupia."

"Huyu hukumwambia maneno yale hapa jikoni," Bosibori alisema.

"Najua nilimwambia wapi."

Onchiri aliwapatia klachi kuukuu yenye meno yote, na Jumatano asubuhi Gekara alipanda mlima na maziwa ya watu. Hakwenda kituoni moja kwa moja. Alisimama senta mbele ya waendesha boda wote, injini ikiwa bado inanguruma, akavua kofia.

"Jumapili niliita Onchiri mwizi mahali hapa," alisema kwa sauti ile ile kubwa. "Nilidanganya. Sikuwa najua, na nikasema. Hakuiba kitu yangu wala ya mtu. Yeye ndiye amenisaidia."

Mmoja aliuliza, basi aliyeiba ni nani. Gekara akasema hakuna aliyeiba, ila yeye mwenyewe ndiye aliyepotea njia, na Jonah alikuwa nyuma yake kwenye kiti cha pikipiki akitazama mitungi kwa bidii.

Onchiri alitoka kibandani akipangusa mikono. Alimkazia macho mzee yule, kisha akainamisha kichwa upande wa injini, akasikiliza.

"Hiyo klachi umeikaza mwenyewe?"

"Mimi na Jonah."

"Inalia, mzee. Zima niangalie."

Waendesha boda walisogea karibu kuona mzee atafanya nini. Gekara alizima injini, akachomoa ufunguo, akauweka mkononi mwa kijana.