Dada wa Kubandikwa

"Phelista, harusi haiko tena. Wewe ni dada yangu."

Phelista alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa la kompyuta, katika chuo kidogo alichofundisha mjini Kitale. Alihamishia simu sikio la pili akidhani hajasikia vizuri.

"Umesema mimi ni nani, Wekoye?"

"Dada. Babu yako na nyanya yangu walizaliwa tumbo moja. Iko kwa mtandao. Kuna mtu wa huku kwetu ako ng'ambo, ameweka familia za huku zote, yenu na yetu, kwa tovuti, nani alizaa nani. Baba mdogo Nyongesa ameona. Wazee wote wameona."

"Na wewe umeamini?"

"Mimi ni nani nibishane na wazee? Jumamosi wanataka uje huku kwetu Malakisi utakaswe. Watachinja kondoo. Pole, Phelista. Hata mimi naumia."

Akakata simu.

Hiyo ilikuwa 2009. Walikuwa wamependana tangu Phelista yuko mwaka wa pili chuoni, na mwezi uliopita tu watu wa Wekoye walikuja Bungoma kwa kina Phelista, wakala, wakacheka, wakakubaliana mambo ya ndoa. Sasa ati undugu.

Kabla hajaketi, simu ikalia tena. Mama yake.

"Mwanangu, nimetoka sokoni bila kununua kitu. Wanasema umelala na kaka yako."

"Wewe mama unasemaje?"

"Babu yako alizaliwa peke yake. Alitoka Lwakhakha kijana, hana ndugu, na alituambia hivyo mpaka akafa. Lakini nani atanisikiliza? Wanasema kompyuta haidanganyi."

"Kompyuta inasema kile imeambiwa, mama. Wacha nijue ni nani aliiambia."

"Utaweza?"

"Kutakaswa ndiyo sitaweza."

Mwalimu mwenzake, Jerop, aliyekuwa ameshaambiwa yote, alimkuta amejifungia na kompyuta, macho mekundu, vidole vinakimbia.

"Si ungelia kwanza?" Jerop akauliza, akivuta kiti.

"Nitalia nikimaliza."

"Hiyo ndiyo tovuti? Naona majina tu. Babu yako huyu hapa, na huyu nyanya ya Wekoye, wameunganishwa kwa wazazi wale wale."

"Ukurasa unaonyesha majina tu. Lakini tovuti inaruhusu mtu aandike programu ya kuiomba data yenyewe. Kuna mtu ameshatengeneza library ya hiyo kazi. Ni kama amri zilizopikwa tayari. Mimi naziita tu: niletee mtu huyu, niletee wazazi wake, niletee kila badiliko na nani alilifanya."

"Na ikisema ni kweli ni kaka yako?"

Phelista akavuta kibodi karibu.

"Basi nitaenda kwa huyo kondoo na miguu yangu. Lakini nitakuwa nimejua mwenyewe."

Akabonyeza. Mtandao wa Kitale ukavuta, ukakatika, akajaribu tena. Mwishowe mistari ikashuka kwenye skrini. Jina la babu yake liliwekwa mwaka uliopita na yule mtu wa ng'ambo, bila dada wala kaka. Nyanya ya Wekoye hakuwa na wazazi waliotajwa. Kiungo cha kuwafanya ndugu kiliwekwa majuzi, baada ya yale mazungumzo ya Bungoma, na mtu mwingine kabisa. Anwani ya barua pepe yake ilikuwa pale.

"Unaijua?" Jerop akauliza.

"Nilimfungulia mwenyewe. Hakuwa anajua kutumia barua pepe. Ni Wekoye."

Hapo ndipo alipolia, na Jerop akamshika mabega.

Asubuhi ya Jumamosi ujumbe ukaingia: *Usichelewe. Tumalize hii maneno kwa amani. W.*

Akajibu: *Nakuja.*

Malakisi, wazee walikuwa wamekaa uani kwa Mzee Nyongesa, kondoo amefungwa kwa kamba. Wekoye aliangalia chini.

"Karibu, binti. Keti hapa mbele," Mzee Nyongesa akasema.

"Asante, mzee, lakini sitaketi. Nimekuja kuuliza swali moja. Wekoye, ni nani aliweka babu yangu na nyanya yako kuwa ndugu?"

"Si yule mtu wa ng'ambo, bana."

"Nimeuliza tovuti, ikanipa anwani yako. Niisome hapa?"

"Mtu anaweza kuiba anwani."

"Basi angalia baba yako mdogo machoni, umwambie imeibwa."

Wekoye hakuinua kichwa. Mzee Nyongesa akasimama polepole.

"Kijana. Niangalie. Ni wewe?"

"Ni mimi, baba." Ilitoka kama pumzi. "Kuna msichana Lwakhakha, Peris. Ana mimba yangu. Niliogopa kukwambia, na wewe ndiye ulituongoza kwenda Bungoma. Nilifikiri tukisema ni undugu, hakuna mtu ataumia."

"Hakuna mtu?" Phelista akasema. "Mama yangu anatemewa mate kwa soko. Ungeniambia hunitaki, ningelia, nikapona. Lakini ulitaka niinamishe kichwa hapa, nioshwe dhambi uliyoitunga."

Mzee Nyongesa akamfungua kondoo, akamsukuma aende.

"Binti, tumekukosea. Unataka tufanye nini?"

"Kesho mje Bungoma, yeye mbele. Aseme hayo hayo mbele ya watu wetu, kwa mdomo wake. Na hicho kiungo akifute leo."

"Itafanyika."

Wekoye akamfuata hadi kwa lango.

"Phelista, ngoja. Naweza kumwacha Peris. Mimi nakupenda wewe, wallahi."

"Huyo mtoto ana baba. Usimfute na yeye."

Jumapili, baada ya kanisa, Wekoye alisema yote mbele ya majirani wa Bungoma. Mama Phelista alimsikiliza amesimama, hakumtukana, hakumpa kiti. Kisha akamwambia Mzee Nyongesa: "Wewe karibu chai. Huyu aende."

Jioni Phelista akiwa amerudi Kitale, chumbani kwake mtaa wa Tuwan, simu ikatoa mlio.

*Nisamehe. Naweza kuja Kitale tuongee?*

Alifikiria kidogo tu.

*Nimekusamehe. Usije.*