Msichana wa Sita Jukwaani

Jumanne mchana, kwenye filamu iliyokuwa ikionyeshwa dukani, wasichana sita walipita jukwaani badala ya watano.

Hyasinta aliijua ile filamu. Miaka ishirini iliyopita aliicheza mwenyewe, akiwa mmoja wa wasichana watano wanaotamani kuwa wanamitindo. Mpaka leo wateja wa duka lake la magauni Kariakoo walisimama mbele ya televisheni kuitazama, wakitamka maneno kabla ya waigizaji.

"Yule wa nyuma nani?" alimuuliza binti yake, Rachel.

"Si huwa yupo siku zote, mama?"

Kesho yake duka lilinuka nywele zilizoungua. Visigino viligonga nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na hapakuwa na mtu. Ijumaa Rachel akaacha kula. Alitembea katikati ya magauni, shingo imenyooka, macho hayapepesi, akifika mlangoni anageuka, akifika ukutani anageuka, tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, na wateja wakajipanga pembeni na mifuko yao wakimtazama kimya, hakuna aliyenunua, hakuna aliyeondoka. Hyasinta alijua alipaswa kulia. Alikuwa anakunja nguo.

Anifa, jirani yake muuza mitandio, ndiye aliyemleta Maalim Abdulmalik. Maalim alifunga mlango, akasoma, akambana Rachel kidole gumba.

"Wewe nani?"

Ikajibu sauti ya mwanamke mtu mzima. "Mwenye lile ghala mlilopigia filamu yenu. Mlikuja na mataa yenu, mkaniamsha, mkaondoka. Kila anayetazama ananiita."

"Mwache mtoto wa watu."

"Nitamwacha. Mama yake anipe nafasi."

"Usimjibu," Maalim alinong'ona.

"Njoo kwangu," Hyasinta akasema.

Rachel akaanguka. Alipofumbua macho aliomba maji, akauliza mbona mlango umefungwa. Anifa alimkumbatia akilia.

"Umefanya nini, dada?" Maalim alisema taratibu. Alisoma tena mpaka sauti ikamkauka. Hakuna kilichojibu.

Jumatatu Rachel alikuwa akimmiminia mama yake chai, mkono ukateleza. Chai ya moto ikamwagika yote kwenye kiganja cha Hyasinta.

"Mama! Samahani, mama, ngoja nilete maji."

Hyasinta aliitazama ngozi ikivimba.

"Haiumi," alisema.

Akasimama, akanyoosha shingo, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Nje, wanawake wawili waliokuwa wakipita wakasimama kutazama.