Hodi ya Stoo

Hodi ilipopigwa, saa saba mchana, Mama Hoteli alikuwa ameinamia sinki anaosha vikombe, na wala hakugeuka.

"Karibu!" akaitika.

Msimlaumu, jamani. Mtu aliyeendesha hoteli ya vyumba tisa kwa miaka kumi na mmoja huitika karibu hata akiwa usingizini. Wageni wake walikuwa wafanyabiashara wanaoteremka bandarini, watu wasio na subira. Ukichelewa kuitika wanahamia kwa jirani. Lakini alipofuta mikono akatoka mapokezi, hakuona mgeni. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo, kwa kuwa mumewe alikuwa anapaka rangi ndani pale pale.

"Shemeji," akamuuliza mpishi, mdogo wake mumewe, "nani kapiga hodi?"

Mpishi, ambaye siku zote hakosi la kutania, leo hakuwa na utani. Alinyoosha kisu kuelekea chini ya ngazi, kwenye mlango wa stoo.

"Imetoka mle," akanong'ona. "Na wewe umeitika."

Kufuli la stoo, lililoota kutu tangu enzi za baba mkwe, lilikuwa limelala sakafuni. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupita mkono. Harufu ya magunia yaliyolowa ilitoka, na ndani yake harufu nyingine, ile ya buchani siku umeme ukikatika.

Hapo ndipo Mama Hoteli alipokumbuka. Nyumba ile kabla ya kuwa hoteli ilikuwa ghala la babu yake mumewe, mfanyabiashara wa ngozi na nta. Babu alimkaribisha mfanyabiashara mwenzake, akamlaza stoo, na kulipokucha bidhaa za mgeni zilionekana, mgeni hakuonekana. Mgeni yule alikuwa na jini wa kurithi, na jini hakuondoka. Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa na sharti moja: tazama uso kwanza, ndipo uitike. Baba mkwe alimwambia siku ya kwanza alipoingia mle akiwa bibi harusi. Yeye akadhani mzee anachagua wageni kwa maringo tu.

"Mtoto!" akapiga kelele. "Mtoto yuko wapi?"

Mtoto alikuwa kwenye mkeka, hatua tatu kutoka stoo. Alikuwa na mwaka na miezi minane na hajawahi kutamka neno, hata mama, ndiyo maana walimwita Bi Kimya. Mama yake akamnyakua. Mpishi akapita mbele yao ili aufunge ule mlango kwa bega, na kitu kikamshika nywele kikamvuta uso hadi kwenye fremu, mara moja, mara mbili, mpaka pua ikalala upande na damu ikaruka kwenye rangi mbichi ya ukutani. Mumewe akatupa brashi akaja mbio, akakamatwa mguu na asiyeonekana, akaburutwa kupanda ngazi huku kichwa kinagonga kila kidato, ko, ko, ko, na mkono wake ulipong'ang'ania nguzo ukavunjwa kama kuni, mlio wake ukasikika mpaka jikoni, na juu ya yowe lake ikasikika sauti ya kiume, ya taratibu, yenye adabu zote za mgeni, ikisema, "Ahsante kwa kunikaribisha."

Waliomleta mganga ni majirani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa maneno, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliwakuta wote wanne wamejibanza jikoni, mume ameteremshwa ngazi na nduguye, mkono umefungwa kwa mwiko na kitambaa.

"Nani kamkaribisha?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Hongera. Mwenyeji wake ni wewe, na atakayemtoa ni wewe. Anataka damu ya babu yao, aanze na hawa wakubwa amalizie na huyo mdogo. Nenda ukamwambie nafasi hakuna."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Mara tatu. Na usimwachie nafasi akuzuie."

Mama Hoteli alimkabidhi mumewe mtoto akaenda chini ya ngazi. "Nafasi hakuna," akasema, na kofi likamrusha ukutani. Akatema jino. "Nafasi hakuna!" Vidole vyenye baridi vikamkaba koo, vikamnyanyua mpaka kandambili zikamvuka, macho yakaanza kuona giza, na kwa mbali akasikia mtoto wake analia, akaupata mkono usioonekana kwa meno, akauma, akauma mpaka kinywa kikajaa kitu cha chumvi, na koo lilipolegea akapaza sauti kwa hasira zote alizozaliwa nazo, "Nafasi hakuna! Toka nyumbani kwangu!"

Mlango wa stoo ukajibamiza wenyewe. Mganga akaupigilia misumari kumi na miwili.

"Hajafa, amerudi ndani tu," akasema akikusanya vitu vyake. "Atapiga hodi. Asiitikiwe na mtu yeyote wa nyumba hii, maana mara ya pili hatoki."

Kweli, alipiga hodi. Alipiga kila siku mchana, kwa upole, na kila mara mume, mke na mpishi waliuma midomo wakatazamana. Neno karibu likapigwa marufuku. Wageni wakawekewa kengele. Wiki ikapita. Mpishi akaanza tena utani, akajiita bwana harusi wa pua ya kona, na Mama Hoteli akacheka na pengo lake kwa mara ya kwanza.

Siku ya nane walikuwa wanakula. Mume alikuwa anasema mwezi ukiisha watauza nyumba.

"Hodi," ikaita stoo.

Mama Hoteli alijiziba kinywa kwa viganja viwili. Mumewe akamtikisia kichwa, mpishi akafumba macho. Kila mmoja alimlinda mwenzake asiteleze.

Hakuna aliyemwangalia Bi Kimya, aliyekuwa kwenye mkeka wake na kijiko mkononi, na ambaye tangu tumboni hakuna neno alilolisikia mara nyingi kuliko lile. Aligeuka kuelekea chini ya ngazi, akatabasamu.

"Kaibu," akasema.

Msumari wa kwanza ukadondoka sakafuni.