Pacha wa Matetini

Mwanne alimwita binti yake aje kutwanga kisamvu, na sauti mbili zikaitika.

"Abee!" alijibu Zuleha kutoka uani.

"Abee!" ilijibu ya pili kutoka chumbani, na chumbani hamkuwa na mtu.

Akajisemea ni mwangwi. Lakini siku zile zile nyumba yao ya Buzebazeba ikaanza kunuka tope, tope bichi la ziwani, jua likiwa kali nje. Zuleha, mtoto wa miaka saba mwenye mdomo kama redio, akanyamaza. Akawa anakohoa kikohozi chembamba, cha mtoto mchanga.

Mwanne alikijua kikohozi kile. Aibu ikampanda hadi masikioni.

Majirani walimjua kuwa Muha wa Mwandiga. Hata mumewe, Faridi, aliyemlea Zuleha kama wake, alijua hivyo. Kumbe alikuwa Verediana, aliyekimbia vita Burundi na watoto pacha: Bukuru wa kwanza, Butoyi wa pili. Kule majina hayo hayachaguliwi. Pacha wakizaliwa wanayakuta yanawangoja. Tatizo ni kwamba na Waha wanayo. Mwite mtoto Butoyi sokoni Ujiji, muuza dagaa atakuuliza papo hapo, "Na Bukuru yuko wapi?"

Bukuru alibaki kwenye matete, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa akikohoa, askari wako karibu, na waliomo mtumbwini wakamwambia mama amnyamazishe au ashuke. Akamlaza chini, akapanda na mwenzake. Alipofika huku akambadilisha Butoyi jina, akamwita Zuleha, asije akaulizwa.

Faridi akamleta mganga, Mzee Mwinshehe, baada ya sala ya alasiri. Mzee akafunga madirisha, akamfunika mtoto shuka nyeupe, akamfukiza ubani. Majirani wakajazana mlangoni.

"Jina lako nani?" aliuliza Mzee.

Kikohozi.

"Hutoki humu bila jina. Litaje!"

Hapo harufu ya tope ikauzidi ubani, shuka ikaanza kulowa kutoka ndani, maji yakatambaa mkekani, na matete yakasikika yakisuguana mle chumbani, kwenye kuta kavu za matofali, mpaka sauti ya mtoto, ndogo, isiyo na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Mwanne kupita yote, ikasema Kirundi: "Baza mama."

Waha wote mlangoni walielewa. Muulize mama.

"Mama Zule," alinong'ona Mzee, "kama unalijua, liseme. Akiitwa kwa jina lake atakwenda kwa amani."

"Mke wangu, kuna nini?" Faridi aliuliza.

Jina lilikuwa ulimini. Mwanne akazitazama zile nyuso, akaona watakavyomtazama kesho bombani, akamwona Faridi akijua alichooa.

"Simjui," alisema. "Si wangu."

Kikohozi kikakatika. Harufu ikatoweka. Mzee akaifunua shuka, na Zuleha akaketi, macho maangavu, mzima kabisa. Mlangoni wakapiga vigelegele.

Mwanne akamkumbatia, machozi yakimtoka. "Mwanangu! Zuleha wangu!"

Mtoto akajitoa mikononi mwake taratibu, kwa adabu, akaenda kujificha nyuma ya kanzu ya Faridi.

"Baba," aliuliza, "huyu mama ni nani?"